Fimbo ya Tatu Kwenye Jiwe la Khuwaima

Mimi, Saif bin Hamad, Msimamizi Mkuu wa Mipaka ya Jangwa kuanzia matuta mekundu hadi chumvini, natoa taarifa hii rasmi. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Likizo ile pale kisimani Khuwaima hapakuwa na mwingine wa kunipa. Baba na kaka zangu walikuwa wamehama na ngamia kufuata mvua, nikabaki na babu, ambaye husema maneno kumi kwa siku, manne kati yake yakiwa ya kuomba kahawa.

Bwenini, shuleni Bahrein, tulilala arobaini chumba kimoja, na niliwachukia wote kwa kukoroma. Hapa nilizungumza na ndoo.

Siku ya kumi na mbili nikajipangia kazi. Kwenye jiwe la kisima palikuwa na chapa yetu, ileile tunayowapiga ngamia, iliyochongwa na babu wa babu. Ilikuwa imefifia hadi uitafute kwa kidole. Nikaichonga upya kwa tindo, nikaisugua kwa mafuta na majivu ili izeeke. Ikapendeza. Nikaipigia saluti.

Kesho yake likaja gari la serikali. Alishuka ofisa wa mipaka na ramani yake, na nyuma yake Abu Thani, mzee wa kabila jirani wanaodai kisima ni chao. Mstari wa mpaka ukipita upande wetu wa kisima, kisima kinakuwa chao, na babu hana pa kunywesha wala pa kukaa.

"Ushahidi?" akauliza ofisa.

Babu akamwonyesha jiwe. "Hilo. Lina miaka zaidi ya mia."

Abu Thani akachuchumaa, akaangalia kwa muda mrefu.

"Abu Hamad, babu yako alikuwa mtabiri?"

"Kwa nini?"

"Chapa yenu ya kale ni duara na fimbo mbili. Ya tatu uliiongeza wewe, ulipotengana na kaka yako. Haijatimiza hata miaka sita. Hebu hesabu hapa, ndugu yangu."

Babu akahesabu kwa kidole. Akarudia. Mimi chapa ya fimbo mbili sikuwahi kuijua; nilidhani ya tatu imefutika tu.

"Ungesema unakitaka kisima, tungezungumza," Abu Thani akasema kwa upole uliouma kuliko tusi. "Kuchonga uongo, na ndevu hizo?"

Babu aligeuka akatazama jangwa, kama anayemtafuta shahidi, na huko kulikuwa na mchanga tu. Ofisa akainua kalamu.

"Saif," babu akasema. "Viganja."

Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu jinsi upepo unavyochonga mawe. Nikafungua viganja, vyote malengelenge.

"Ni mimi," nikasema. "Ya zamani ilikuwepo, fimbo mbili, chini ya hii. Nimeiharibu. Babu hakujua. Sikuwa na mtu wa kucheza naye."