Breki za Ziwani

"Katika bustani ile ya ziwani hakuna jiwe lisilonijua," Kipaza alitangaza mbele ya kioo cha kinyozi, povu likiwa limemjaa kidevuni. "Nikipita, hata nyasi zinasimama kunisalimia. Na boti? Usiniulize habari za boti. Maji yenyewe yananiogopa."

Kinyozi, ambaye kibanda chake kiliegemeana ukuta na karakana ya Kipaza, aliuacha wembe ukielea hewani. "Umewahi kupanda boti wewe?"

"Swali gani hilo?"

"La ndiyo au hapana."

"Nyoa, bwana. Mkwe ananisubiri."

Kinyozi alijua, na mtaa mzima ulijua, kwamba Kipaza ni fundi baiskeli, na kwamba maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaingia ni yale ya karai lake la kutafutia pancha. Huko huingiza mikono mpaka viwikoni, na kutoka salama.

Lakini siku hiyo alikuwa na haki ya kuvimba kidogo, maana alikuwa anakwenda kupimwa. Mchumba wake, binti mshonaji wa barabara ya pili, alikuwa anamleta shangazi yake kumwona. Baba wa binti hakati shauri lolote la nyumba bila dada yake huyo. Hata rangi ya mlango alichagua dada. Shangazi akisema ndiyo, wazee wa pande mbili watakaa. Akisema hapana, Kipaza atakuwa anasikia harusi ya mshonaji kupitia spika za jirani.

Na shangazi mwenyewe ndiye aliyechagua bustani ya ziwani. "Sebuleni kila kijana ana adabu," alisema. "Nataka nimwone akitembea."

Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa umbo fupi, mwendo wa taratibu na macho yasiyo na haraka. Walipokutana getini alimpa Kipaza mkono, akaugeuza kidogo, akaitazama grisi iliyobaki chini ya kucha, kisha akaurudisha kwa mwenyewe. Kipaza akakimbilia dirisha la tiketi. Aliporudi, aliona heri aanze kuongea kabla hajaulizwa kitu.

"Karibu, Shangazi. Hili jumba la matofali unaloliona hapa ukingoni lilikuwa gereza. Gereza la maharamia wa ziwani."

"Ala! Maharamia wa ziwani." Shangazi akasimama. "Walikuwa wanateka nini?"

"Samaki, Shangazi."

"Wa watu?"

"Wa watu, na wakizidiwa wanateka wa kwao wenyewe."

Mshonaji akamfinya ubavuni, kile kifinyo cha mtu aliyezoea kushika kitambaa kinachoteleza. Kipaza hakusikia. Akaonyesha matundu ya ukutani, ya kupenyezea chakula cha wafungwa. Akaonyesha gati la mawe lililoingia majini, ambapo mkuu wa maharamia aliaga dunia akiimba. Shangazi akawa anaitikia "mm" na "haya," akapenda sana kujua aliimba sauti ya kwanza au ya pili.

Walipofika penye boti za kukanyaga, zilizofungwa mstari mmoja kama bata wa plastiki, shangazi akasema anataka kupanda. Boti ilikuwa ya watu wawili. Mshonaji akabaki ukingoni na viatu vya shangazi mkononi, na uso wa mtu anayeagana na familia.

"Umewahi kuendesha?" mlinzi wa boti alimuuliza Kipaza, akimfunga jaketi la kuokolea.

"Kaka, mimi pedeli ndiyo kazi yangu."

Na kwa hilo, angalau, hakusema uongo. Walipoanza, boti ilikwenda vizuri. Kipaza alikanyaga kwa mwendo wa mtu anayewahi soko, maji yakachemka nyuma yao, shangazi akashika kofia na kucheka. Kijana akaona mambo si ndiyo hayo! Akaanza kusimulia jinsi alivyowahi kuvuka ziwa hili kwa ajili ya kunyoosha miguu tu, na akiwa katikati ya hadithi, ndipo gati la mawe lilipojitokeza mbele yao, limewakalia njiani kabisa.

"Kata kushoto, mwanangu," alisema shangazi.

Kati ya viti vyao kulikuwa na mpini wa usukani. Kipaza hakuukumbuka. Miguu yake ilifanya kile ilichofanya maisha yake yote juu ya baiskeli za zamani zenye breki ya nyuma: ilisimama, ikajikaza, ikakanyaga kinyume kwa uzito wote wa mwili.

Boti haina breki. Chini ya miguu yao kitu kikalia *kraa!* na pedeli zikalegea, zikawa zinazunguka bure. Boti ikaligusa gati kama mtu anayepiga hodi, ikageuka, na kijiupepo kikaanza kuisukuma polepole kuelekea kule ambako ziwa halina ukingo.

Kipaza akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Haya, baharia," alisema shangazi. "Tunafanyaje?"

"Shangazi, mimi sijui kuogelea. Boti sijawahi kupanda. Na lile jumba sijui ni la nini, nilikuwa naongea tu."

"Ni jumba la pampu. Maji ya kwanza ya bomba ya mji huu yalitokea humo. Kibao kipo pale mlangoni, nilikisoma wakati uko kwenye tiketi."

"Sasa mbona uliniacha niendelee?"

"Nilitaka kujua yule mharamia aliimba sauti gani." Kisha akamtazama. "Nimefanya kazi na watu wanaolia kwa uchungu huku wananiambia hawasikii kitu. Siwagombezi. Nangoja waseme kweli, halafu tunaanza kazi. Kimekatika nini?"

"Hakijakatika. Mlio ule naujua, ni cheni imetoka kwenye meno."

"Irudishe."

Alilegeza kifuniko kilichokuwa katikati ya pedeli. Cheni ilikuwa pale, imelala ndani ya maji machafu. Ili kuifikia ilibidi apige magoti na kuinama mpaka kichwa kining'inie karibu na ziwa, ambalo sasa lilionekana jeusi na lenye nia mbaya. Shangazi akamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akaweka miguu sawasawa.

"Nimekushika. Vuta pumzi. Usiharakishe."

Vidole vyake vilipogusa chuma vikajua kazi yao. Akatafuta jino la kwanza, akaikalisha cheni, akazungusha pedeli kwa kiganja, taratibu, mpaka ikashika yote. Akabaki amepiga magoti kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kurudi, shangazi alishika usukani, yeye akakanyaga.

Ukingoni, shangazi alivaa viatu vyake na kwenda moja kwa moja kwenye jumba la pampu. Ndani kulikuwa na gurudumu la chuma lililomzidi mtu urefu, meno yake yameshikana na meno ya gurudumu dogo. Kipaza akalizunguka. Akapiga magoti, akachungulia. "Hili dogo ndilo linazungushwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo mshonaji hakuwahi kuisikia. "Linalizungusha kubwa polepole, lakini kwa nguvu. Maji yanapanda mlima. Aliyetengeneza hii... Shangazi, hebu ona alivyoacha nafasi ya grisi." Shangazi akainama, akaona. Wakati wa kuagana alisema tu, "Nitazungumza na kaka yangu," akaondoka, na Kipaza akalala siku kadhaa kama mtu aliyelalia spoku.

Siku Kipaza alipochoka kusubiri jibu, kinyozi alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana akingoja wateja.

"Ehe, ya bustani vipi? Umekuwa kimya mpaka mtaa una wasiwasi."

Kimya hakikumfaa Kipaza, kilimbana kama kiatu cha kuazima. Akageuza baiskeli juu chini, akaupa mlango mgongo, akaanza.

"Ndugu yangu, acha kabisa. Dhoruba! Mawimbi marefu kama huo mlango. Boti inapanda, inashuka. Shangazi wa watu analia, 'Mwanangu, nakufa!' Nikamshika mkanda kwa mkono mmoja, usukani mkono wa pili, nikamwambia, 'Tulia, mama, uko na mimi.'"

Ghafla kinyozi alikuwa anatafuta kitu chini ya benchi, kitu ambacho hakikuwepo.

"Mkanda wa nani?" iliuliza sauti mlangoni.

Kipaza aligeuka. Shangazi alikuwa amesimama kizingitini, na kando yake mwanamume mpole mwenye macho ya mshonaji, ameshika kofia mkononi kama mgeni aliyekuja kwa heri.

"Kaka, ndiye huyu niliyekwambia," shangazi alimwambia mwanamume huyo. "Mikono niliyokusimulia ndiyo hiyo. Mdomo tutaishi nao." Akamsogeza kinyozi mwisho wa benchi, akakaa, akamkaribisha kaka yake kando. "Haya, baharia. Rudi pale mimi nilipokuwa nalia."