Uchungu Uliomshinda Chatu

Mashimba, mwimbaji wa kundi letu, alishikwa na kiungulia wiki ya mashindano ya ngoma Bujora. Kule kundi linaloshinda ni lile lililovuta watu wengi. Sisi tulikuwa tunashindwa kila mwaka Mashimba akiwa mzima, sasa hebu piga picha anaumwa.

Mkewe, Wilhelmina, akampeleka Mwanza mjini kwa mzee Shaibu, anayetibu kwa Ayurveda, tiba ya Wahindi. Niliwapeleka kwa pikipiki yangu.

"Shikamoo, mganga."

"Marahaba. Ila niite tabibu."

Alimshika Mashimba mkono, akasikiliza mapigo kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

"Una moto mwingi. Unakula nini?"

"Nyama kidogo."

"Na pilipili," Wilhelmina akadakia. "Kidogo ni nyama."

Shaibu akatufundisha. Dawa inaanza kazi ulimini, kwa ladha: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, kakasi. Chungu inapoza moto. Ikifika tumboni inajulikana ni ya baridi au ya joto, na ikishasagwa inageuka ladha nyingine.

"Na ikikataa kufuata hayo yote?" Mashimba akauliza.

"Basi hiyo ina nguvu yake ya pekee, isiyoelezeka."

"Si ungeanza na hiyo, mzee wangu. Hiyo hata kwetu ipo."

Akapewa unga wa majani machungu. Nyumbani akauficha ndani ya tonge la ugali, akameza. Kifua kikaendelea kuwaka. Wilhelmina akampigia Shaibu simu.

"Kaupitisha ulimini kimyakimya," Shaibu akasema. "Ulimi usipopata taarifa, tumbo litajuaje?"

Siku ya mashindano wapinzani wetu waliingia na chatu, na uwanja wote ukahamia kwao. Sisi tulibaki na mbuzi wa jirani na muuza karanga, naye alikuwa ameshaanza kufunga vitu vyake. Kiungulia kikampanda Mashimba. Kwa hasira akamimina ulimini unga wote uliobaki, nami nikaanza kupiga ngoma.

Alifungua kinywa, wimbo ukagoma. Uso ukajikunja, jicho moja likajifumba, mguu ukanyanyuka wenyewe. Kila nilipopiga, alitikisika kama mbwa aliyetoka majini. Mama mmoja akacheka, akamwita mwenzake, mwenzake akaita kijiji. Haikuchukua muda, chatu akabaki na mwenyewe.

Tulishinda. Ngosha, mganga wa kundi letu, akasema ni dawa aliyofukia pale tulipochezea. Shaibu, kwenye simu, akasema ndiyo ile nguvu ya pekee.

"Na kiungulia?" Wilhelmina akauliza.

"Kipo palepale," Mashimba akasema, akivuta nyama ya ushindi na kisahani cha pilipili.

Jioni mwenye chatu akanifuata pembeni kuuliza tumetumia nini. Nikamwelekeza kwa Shaibu, nikamwonya asiufiche unga kwenye ugali. Akafikiri, halafu akauliza kama anywe yeye au ampe chatu.