Bibi Aliyeuza Nyumba

Tangu yeye na mumewe wahamie nyumba ile, muuguzi hakutulia. Alihamisha kitanda ukuta hadi ukuta, akapaka jikoni rangi na kuibadilisha, na bado akirudi kutoka kazini alijikuta akibisha hodi mlangoni pake mwenyewe. Mtaa ulikuwa wa zamani, watu wanajuana hata kwa vikohozi. Wakielekeza mgeni walisema "pale kwa bibi," ingawa bibi alishawauzia nyumba na kuhamia kwa mwanawe, upande wa pili wa mji.

"Watazoea," alisema mumewe, fundi wa mafriji, mtu wa kulala popote.

Asubuhi moja muuguzi alitoka zamu, akakuta mlango wazi na uani kunafagiwa. Ni bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Uchafu wote huu mnamwekea nani?"

Akafagia, akanywa chai, akaenda zake. Baada ya siku chache akarudi. Safari hii aliishusha picha ya harusi yao ukutani, akisema hawajui watu wale. Muuguzi alijiona kama mpangaji ndani ya nyumba yake. Jioni ile mumewe akabadilisha kitasa.

Bibi alipokuja tena, muuguzi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alisikia ufunguo ukiingia, ukikwama, ukitolewa, ukiingizwa tena. Bibi hakufoka. Alizungumza na mlango kama anayebembeleza mtoto: "Na wewe leo una nini?"

Mkono wa muuguzi ulienda kwenye komeo, ukarudi.

"Dada, najua umo," aliita kinyozi wa jirani. "Nyumba mmenunua kwa halali, hakuna anayebisha. Lakini huyo ametulea nusu ya mtaa. Usimwache juani."

Akafungua. Bibi akapita bila kinyongo, akaketi. Muuguzi akawapigia simu mumewe na yule mwana wa bibi; mwana wa bibi akafika akitweta.

"Alianza kusahau kabla hatujauza," alisema, macho chini. "Nikaogopa kwamba mkijua mtasita. Kule kwangu akitoroka, najua pa kumfuata."

"Ungetuambia, bwana," alisema fundi. "Tungenunua vilevile, ila tungejua tunaishi na nani."

Walibishana, wakatulia, wakakubaliana: siku muuguzi akiwa nyumbani, bwana yule atamleta mama yake na kumfuata jioni.

Siku ya kwanza bibi alimtazama muuguzi kwa muda mrefu.

"Wewe umehamia lini?"

"Juzijuzi tu, bibi."

"Ndiyo maana huna raha. Njoo."

Akamshika mkono, akampitisha mlango kwa mlango. "Huyu wa kwangu, mgeni. Mumwangalie." Watu waliokuwa wakimjibu salamu kwa shingo upande sasa walimwuliza kazi inaendaje. Muuza mkaa akataka kujua kama sindano zake zinauma. Muuguzi alicheka, hata akashangaa sauti yake.

Wakati wa kurudi, bibi alisimama kwenye kona, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kwetu ni wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, asisikike.

"Huku, bibi," alisema muuguzi. Akamshika kiwiko, wakaenda polepole.