Mkwe Katika Ngome

Mama Agathe alikuwa ameyaosha masufuria ya Bi Kulthumu miaka miwili mfululizo, na kila akikumbuka, kiuno kilimuuma upya. Ndivyo zilivyopatana zile timu mbili za Durban, Wakongo wa Cato Manor, timu ya Agathe, na Watanzania wa Overport, timu ya Bi Kulthumu: wanakutana uwanjani mwaka mzima, mechi ya Desemba inaamua, na walioshindwa wanapika karamu ya Krismasi. Kupika hakukuwa neno. Neno ni kwamba mama wa timu iliyoshindwa, yeye mwenyewe na si binti yake, anasugua masufuria mbele ya watu wote, na mama wa timu iliyoshinda anakaa kitini akimwonyesha palipobaki masizi. Bi Kulthumu alikuwa na macho makali sana ya masizi.

Kwa hiyo Januari ya 2011, vuvuzela za Kombe la Dunia zingali zimening'inia ukutani, Agathe alimwita kocha. Kocha huyo, Alain, alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alikuja na visoda mfukoni, akavipanga mezani, huyu beki, huyu kipa, akaeleza kwa nini ngome yao inavuja. Dirisha la usajili la Januari lilikuwa la siku moja tu. Vijana waliohamia mjini karibuni wanasimama mbele ya goli, walioshindwa wanachagua kwanza, lakini kabla ya hapo timu zinaweza kubadilishana wachezaji, jezi kwa jezi, bila kurudishana mpaka mwaka mwingine. Alain alitaka wamchague Deusdedit, mpakuaji wa mizigo bandarini, mrefu, mpana kama mlango wa kontena. Au wamtoe straika wao, wapate beki wa kati.

"Huyo mrefu utamsimamisha wapi?" Agathe akamuuliza. "Katikati ya Hardy na Ezéchiel? Atakuwa shahidi wa ndoa tu."

Maana magoli yote yalipita hapo. Ezéchiel alikuwa amemwoa binti wa Agathe miaka miwili nyuma. Baba wa bibi harusi hakuwa hai tena, basi Hardy, mdogo wake Agathe, ndiye aliyekalia kiti cha baba na kupokea mahari. Tangu siku ile Ezéchiel hamwinulii Hardy sauti, hampiti mbele, hamgusi hata bega. Nyumbani ilikuwa adabu ya kupendeza. Uwanjani, mpira ukija kati yao, mkwe anarudi nyuma ili mkubwa apite, na mkubwa anangoja kijana akimbie, maana magoti yake ni ya mtu wa karibu arobaini. Wanapishana kama wageni mlangoni, mpira unaingia bila kubisha hodi.

Alain akakiondoa kisoda cha Hardy mezani taratibu, kama anayemfukuza mjomba wake, na kweli ndiye alikuwa anamfukuza.

Wa kumleta Agathe alishamwona: Goodluck wa Overport, beki mfupi asiyefunga mdomo. Alimgombeza kipa, alimgombeza refa, na siku moja alimwambia Bi Kulthumu kwamba pilau yake haina chumvi. Na hakuwa mkwe wa mtu yeyote Cato Manor. Shida ni kwamba Bi Kulthumu akijua anatakiwa, angemficha chini ya kitanda.

Jumamosi Agathe akapanda teksi hadi Overport, kwenye saluni ya Yvette, ambaye alisuka nusu ya mtaa na kuihadithia nusu nyingine. Kichwa kikiwa mikononi mwa Yvette, akamlilia ndugu yake. Vijana wanataka kumtoa Hardy, nguzo yake. Afadhali watampata Deusdedit, huyo hawampi mtu. Na afadhali hakuna atakayethubutu kumletea ule mdomo wa Goodluck; kuliko huo, aoshe tena masufuria. Alitoka na misuko iliyombana hadi macho yakachongoka, ikabidi atabasamu mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, apende asipende.

Kesho yake, siku ya dirisha, Bi Kulthumu alifika uwanjani ananukia udi.

"Dada Agathe," alisema, "tupeni Hardy, mtuachie na zamu yenu ya kwanza, tumchukue huyo mrefu. Sisi tunawapa Goodluck."

Agathe alikataa. Akakataa tena. Akatoa na machozi, ambayo hayakuwa kazi, misuko ilisaidia. Mwisho akakubali kama mtu anayezika, na Alain akajigeuza kwa haraka asionekane uso.

Mwaka ukaenda. Deusdedit alionekana anageuka polepole kama meli inayotafuta gati. Goodluck alimfokea Ezéchiel kila Jumapili, Ezéchiel akamfokea yeye, na kati yao hapakupita hata nzi. Lakini Bi Kulthumu hakuwa mjinga, naye ana wakwe. Katika mechi ya Desemba, Cato Manor wanaongoza moja bila, dakika zimekwisha, Overport wakapata kona. Bi Kulthumu akanong'ona na kocha wake, na Hardy akapelekwa mbele, akasimama pua kwa pua na Ezéchiel.

Ezéchiel akarudi hatua moja, mikono nyuma, kama anayeamkia. Goodluck alimwambia maneno yote aliyokuwa nayo, yasisaidie kitu.

Agathe aliinuka, akazunguka hadi nyuma ya goli. Hakupaza sauti.

"Mukwe wangu, mahari ilikuwa yangu. Huyu alinikalia kiti tu. Leo kiti nimekichukua. Mtoe hapo."

Hardy akageuka. "Dada, na mimi?"

"Wewe umevaa jezi ya nani?"

Kona ikapigwa. Ezéchiel aliruka na bega, na kichwa, na adabu yote ya mwaka juzi, akaupeleka mpira hadi barabarani, na Hardy akabaki amekaa mavumbini. Filimbi ilipolia, Cato Manor nzima ilimkimbilia Ezéchiel, lakini yeye alikuwa amepiga magoti, akimpangusa mkwe wake suruali kwa mikono miwili, naye Hardy akicheka mpaka anashika mbavu.

Siku ya Krismasi Bi Kulthumu alikunja mikono ya gauni. Agathe alikuja na kiti chake, na mto wa kiti, na sufuria moja kubwa ambalo maharage yalikuwa yameungulia chini tangu jana, yakiangaliwa vizuri yasiokolewe.

"Hili halikupikiwa karamu," Bi Kulthumu alisema.

"Halikupikiwa," Agathe alikubali, akiweka mto sawa. "Lakini pale pembeni, dada, naona masizi."