Mama wa Saruji

"Hilo ni kaburi," Demetria alisema, na papo hapo akatamani ardhi ya Yombo ipasuke immeze.

Hakuwa amepanga kusema hivyo, wallahi. Asubuhi nzima alikuwa akimfuatafuata mthamini pale uani kwao, binti mmoja mpole aitwaye Gladness, aliyetumwa kuorodhesha kila kitakachobomolewa barabara ikipanuliwa. Ukuta wa mbele ulishapigwa ile X nyekundu ambayo ukiiona kwako unajua huna tena kwako. Gladness aliandika nyumba. Akaandika choo, kisima, mipapai, mpaka michongoma ya uzio, na sijui anafurahia nini kuandika michongoma! Akafika kwenye sanamu, akaizunguka, akaitazama usoni, kisha akaweka kalamu mfukoni.

"Na hii?" Demetria akauliza.

"Hii fomu haina sehemu yake, dada. Ni pambo tu. Mtaihamisha wenyewe kabla katapila halijafika."

Pambo! Sanamu ya saruji na nondo, msingi wake umekwenda chini kuliko wa nyumba. Mwanamke mzima ameketi chini, miguu kainyoosha mbele, kainamisha kichwa, viganja viko wazi mapajani. Mwanamke huyo ni Filomena, mama yake Demetria, aliyefariki mwaka juzi na kupelekwa Muleba kuzikwa migombani kwao, kama Wahaya wanavyofanya. Aliyeitengeneza ni mumewe, mzee Adelard. Mzee huyo alishatengeneza simba wa mahotelini na malaika wa makanisani, vyote akauza. Hii hakuiuza. Watu wa makumbusho walikuja wakaipiga picha, wakaitia kwenye kitabu chao na jina la mzee chini yake. Wageni walipouliza mama anafanya nini, Demetria aliwaambia anachagua mchele. Wakiuliza ungo uko wapi, aliwaambia baba hakuwahi kuumalizia.

Sasa mpapai una thamani, kazi ya mikono ya baba yake haina. Wewe usingechanganyikiwa?

"Makaburi je, mnayaandika?" Demetria aliuliza.

"Makaburi tunayahamisha kwa heshima zote. Kila kitu, pamoja na alama yake."

Hapo ndipo lilipomtoka lile neno.

Mzee Adelard alikuwa kizingitini anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Akainuka polepole, akamtazama binti yake kwa jicho ambalo Demetria hakupata kuliona tangu azaliwe.

"Nani kakwambia?" akauliza kwa sauti ya chini.

Demetria akatazama chini. Baba yake alichukia uongo kuliko njaa, na hapa mwalimu mzima wa shule ya msingi kadanganya mbele ya mtu wa serikali. Mzee aliingia ndani akafunga mlango, ndizi akaziacha pale pale. Gladness akatoa kalamu tena. "Pole sana, dada," alisema, na akaandika.

Kuanzia siku hiyo Demetria hakukalika. Anaanza kusahihisha madaftari, anaacha. Anafagia uwanja, anaufagia tena kana kwamba kuna mtu kaumwaga mchanga upya. Akaenda kwa Khalil, mtoto wa jirani, ambaye ni wakili, amwambie kama kuna sheria yoyote inayomlinda msanii.

"Ipo," Khalil alisema. "Inamlinda mtu asinakili kazi yake, wala asije mwingine akasema ni yake. Lakini huyu wa barabara hataki kunakili, sista. Huyu anataka kupita. Na hilo la kaburi, nani kakutuma? Siku ya kuhamisha wanachimba, ujue. Afisa afya anakuwepo. Wakikuta hakuna kitu, hiyo ni kesi."

"Nitawaambia nilikosea."

"Utakosea vipi kaburi la mama yako?"

Akarudi nyumbani. Akampigia Edgar, mwenye jumba la sanaa kule Msasani, ambaye miaka yote alikuwa akiitamani ile sanamu. Edgar hakutaka hata kusikia maneno mengi. Ataleta mashine, ataikata chini kwenye msingi, ataiweka bustanini kwake, na mzee atakwenda kuiangalia kila akitaka. Demetria alikimbia kumwambia baba yake, na ni kweli alikimbia, kandambili moja ikabaki njiani.

"Haikatwi," mzee alisema.

"Baba, si itapona?"

"Nimesema haikatwi pale."

"Sasa unataka nini?" Demetria alipandisha, akasahau kama anaongea na mzazi. "Haiuzwi, haikatwi, haihami! Unataka katapila limponde mama, na wewe umekaa hapo unamenya ndizi? Mie nimejitia kwenye matatizo kwa ajili ya hiyo sanamu yako, na hata kusema asante huwezi!"

Macho ya mzee yalikuwa yamejaa maji, na Demetria akajiona mshenzi, akatoka nje akaanza kufagia.

Mjumbe wa mtaa alipopita kuuliza majirani kama kweli pale pana kaburi, alianzia kwa Mama Khalil, Bi Hamdiya, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Demetria akasema basi, kwisha habari yangu. Mama huyu ni mtu wa swala tano, sukari anayopima haijawahi kupungua hata punje, na hiyo sanamu hakuipenda hata siku moja kuiona mbele ya dirisha lake. Akikwambia mchele ni mbovu, ujue ni mbovu, hata kama ni wa dukani kwake.

"Kaburi lipo," Mama Khalil alimwambia mjumbe, na akaendelea kupanga sabuni.

Mjumbe alipoondoka, Demetria alivuka barabara, kidogo bodaboda imgonge.

"Mama Khalil, Mungu akulipe. Umejitia dhambini kwa ajili yetu."

"Dhambi ipi?" Mama Khalil akamkata jicho. "Hebu nenda zako, Demetria. Usinichefue asubuhi."

Siku yenyewe ikafika. Wakaja wachimbaji na majembe yao, afisa afya na mabuti yake, mjumbe, Gladness na fomu, na Kornelio, katekista wa jumuiya yao, aliyeitwa kuongoza sala. Kornelio alisimama mbele ya sanamu, akaitazama, akamtazama Demetria. Akamvuta pembeni.

"Mwanangu, mama yako si tulimzika Muleba? Mie mwenyewe nilishika kamba ya jeneza."

Hakuna pa kukimbilia tena. Demetria alipiga hatua mbele, aseme yaishe, wampeleke wanakompeleka.

"Jamani, naomba niseme kitu. Mama yangu..."

"Acheni majembe," sauti ilisema nyuma yake.

Mzee Adelard alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alipita katikati yao, akapiga magoti mbele ya sanamu, akaweka kiganja ardhini, pale kati ya miguu ya saruji, chini kabisa ya vile viganja vilivyo wazi.

"Tumieni mikono," alisema. "Taratibu. Ni mdogo."

Wachimbaji wakaweka majembe chini.

"Alitangulia kabla yako," mzee alimwambia binti yake bila kumtazama. "Wa kike. Alitoka kimya, hakulia hata mara moja. Nauli ya kumpeleka Muleba hatukuwa nayo. Mama Khalil ndiye aliyemkosha, akachana kanga yake mwenyewe akamviringisha. Watu wakatuambia huyo haliliwi, zaeni mwingine. Basi mama yako akawa anakuja kukaa hapa. Asubuhi hapa, jioni hapa, mvua inamnyeshea. Ukazaliwa wewe, bado anakaa hapa, wewe unalia ndani. Nikaogopa. Nikanunua saruji, nikamtengeneza, nikamwambia Filomena, huyu atakaa naye. Wewe inuka, ukamlee mtoto."

"Akainuka?" aliuliza Gladness. Hakuwa na haki ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Akainuka."

Demetria aliitazama ile miguu iliyonyooshwa. Ni misiba mingapi amekwenda, na ni wanawake wangapi amewakuta wamekaa chini hivyo hivyo? Na yeye miaka yote anawaambia watu mama anachagua mchele!

Kornelio akaanza sala. Gladness alisubiri amalize, akafuta macho kwa mkono wa gauni, akaishika fomu yake vizuri.

"Mzee, samahani. Alama ya kaburi inahama pamoja na kaburi. Natakiwa kueleza ni alama gani. Niandike msalaba? Niandike sanamu?"

"Andika mama yake," mzee alisema.

Gladness akaandika hivyo hivyo. Wachimbaji wakainama, wakaanza kuondoa mchanga kwa viganja. Wiki zote hizo Demetria hakukalika. Sasa akakaa chini ubavuni kwa mama yake, akainyoosha miguu mbele, na akamlilia dada yake kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Ng'ambo kule Mama Khalil alishafunga duka. Alivuka barabara, akajifunga kanga yake vizuri, akaketi naye.

"Lia," alimwambia. "Huyu alikuwa hajaliliwa."