Majirani wa Jicho la Sikudhani

Usingizi wa alfajiri ulinibeba nikiwa kwenye benchi la wodi ya macho, nikaota nimesimama nje ya jicho la Sikudhani napiga hodi.

Sikudhani ni mponda kokoto. Jicho la kulia alilipoteza utotoni kwa surua. La kushoto, ndilo pekee alilobaki nalo, lilipasuka jana akiwa kazini. Alisema ni jiwe, nami nikamwambia daktari ni jiwe. Asubuhi hii angeshonwa. Mimi ni nesi wa macho, na nilimhurumia mno.

"Hapaingiwi bila balozi," mlango ukaniambia.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Nyusi. Alikuwa amekaa kwenye stuli, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, nywele zote zimelala upande mmoja.

"Mama, umewauliza majirani?"

"Nilimtazama mwenye nyumba mwenyewe."

"Mwenye nyumba kapatwa na msiba. Aliyefikwa haulizwi, huulizwa jirani. Kwenu hamfanyi hivyo?"

Nikasema tunafanya. Nikaona haya.

Mkeka unatandikwa. Majirani wanakuja mmoja mmoja, wanavua viatu. Mfupa anasema amegongwa ila hakuvunjika. Mfereji wa Machozi anasema njia yake iko wazi. Kope la Juu limekaa mwisho kabisa, limejifunika kanga.

"Nawe?" nikauliza.

"Mimi nina mkwaruzo tu. Jana wewe mwenyewe ulisema utapona wenyewe."

Kweli nilisema. Nikaomba nione. Likafunua kanga taratibu, nikaona tundu dogo kama la sindano, limetokeza upande wa pili.

"Kuna mgeni alipitia kwangu," likasema. "Hakupiga hodi. Aliingia ndani na hajatoka."

Ninainama nitazame vizuri, tuko machimboni. Hakuna anayeshangaa. Balozi amekuja na stuli yake. Juu ya chungu ya kokoto imeketi nyundo, inalia bila sauti.

"Pole," nikaiambia.

"Sijapoa. Mwanangu karuka jana, hakurudi, na watu wanalisingizia jiwe. Jiwe halikutoka mahali pake." Ikafungua mdomo, nikaona pengo.

"Mtoto wa chuma akikaa kwenye maji ya jicho inakuwaje?" nikaiuliza.

"Ataota kutu," Balozi akajibu badala yake, "na nyumba nzima itaingia giza."

Hofu ikanishika, maana Sikudhani hana nyumba nyingine. Nikanyoosha mkono nimtoe huyo mgeni mwenyewe.

"Usibonyeze!" majirani wote wakapiga ukelele, hata Mfupa ambaye ni mpole. Mkono ukaishia hewani.

"Wewe peleka habari," Balozi akasema. "Wa kutoa wapo."

Nikaamka. Wahudumu wa kusukuma kitanda walikwisha kumfikia Sikudhani. Amelala chali, kinga ya plastiki juu ya jicho, midomo inasoma dua.

"Dada Sikudhani, ile nyundo yako iko wapi?"

"Ipo uvunguni hapo, sista. Wifi yangu kaja nayo. Machimboni ukiiacha, huikuti tena." Akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Kwani kuna nini? Niambie tu, watoto wangu bado wadogo."

Nilikuwa nimepiga magoti kabla hajamaliza. Nikaitoa kwenye kitenge ilimofungwa, nikaipeleka dirishani. Nyundo nzima ilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, isipokuwa kwenye ukingo wa kichwa. Hapo palikuwa na pengo dogo kama punje ya mtama, jipya, linang'aa.

Nikakishika kitanda kwa mikono miwili.

"Mpelekeni eksirei kwanza," nikawaambia. "Mwiteni na daktari. Kuna mtu ndani."