Mtungi wa Mdomoni

Kisakye alikuja kushuhudia mtihani wa mdogo wake akiwa na aproni ya duka kwapani. Hakuificha. Alitaka Eseza aione, ajue kwamba akishindwa leo, kesho asubuhi atakuwa nyuma ya kaunta ya duka lao kule mtaa wa Hai Cinema akipima sukari, na ndoto ya kuvaa kofia ya zimamoto imekwisha.

Na Eseza aliiona. Mtihani wa kwanza alikuwa ameuaga kwa mbio: moto ulipopanda tu, alitupa mtungi akatimua hadi barabarani, mtaa mzima wa Gurei ukacheka. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Lakini jamani, safari hii alikuwa amefanya mazoezi! Chuo chao cha jamii kilikuwa na mtungi mmoja tu uliojaa unga wa kuzimia moto, nao Mwalimu Crispus, Mkenya asiyependa hasara, alikuwa ameufungia kabatini usubiri mtihani. Muhula mzima darasa lilijifunzia kwenye mtungi mtupu. Unachomoa pini, unaelekeza mpira kwenye shina la moto usiokuwepo, kisha unga unautoa kwa mdomo. "Pshhhh!" Asiyepiga pshhhh ya nguvu alirudia. Watu wazima na akili zao wanarusha mate uwanjani, na hakuna aliyewashinda wenzake kama Eseza.

Mtahini, Madamu Nyandeng, alikuwa mgeni pale, mrefu, hana tabasamu la bure. Aliwasha sinia la dizeli. Moto ukaruka.

"Eseza, kimbia mapema basi," Kisakye alipiga kelele, "mimi iko na haraka!"

Eseza aliupa upepo mgongo. Akachomoa pini, akaelekeza mpira kwenye shina la moto, akakunja magoti, akafagia kushoto, akafagia kulia, kwa madaha ya ajabu.

"Pshhhhhh!" alisema.

Moto haukujali. Akaongeza sauti. "PSHHHHHH!" Ndipo alipogundua kwamba hajaminya kishikio cha mtungi. Nyuma yake Thok, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amekaa chini akilia kwa kicheko. Mwalimu Crispus alijifunika uso kwa kofia.

Joto lilimchoma mashavu, na miguu ikamwambia tukimbie. Ila mdomo ulishazoea. Ulikuwa bado unapiga pshhhh, na muda wote mdomo ulipokuwa kazini, miguu ilibaki palepale. Akaminya. Unga ulitoka kwa kishindo, upepo nao ukageuka, nusu ikaenda motoni, nusu ikamjaa kinywani. Sinia likabaki jeusi, kimya.

Madamu Nyandeng alisogea, akalichungulia sinia, kisha akamchungulia Eseza, mweupe kama andazi lililosahauliwa kwenye unga.

"Hiyo ya mdomo, nani alikufundisha?"

Darasa zima lilimnyooshea kidole Mwalimu Crispus.

Madamu alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akashika magoti. "Kalas, basi," alisema akifuta machozi. "Amesimama, amezima. Amepita."

Eseza alipiga kigelegele, kikatoka na wingu la unga. Furaha ilimjaa hadi hajui aiweke wapi. Akamkimbilia dadake, akaivuta ile aproni kwapani mwake, akajifutia uso, shingo, na ulimi pia, polepole, kisha akamrudishia.

"Rudi nayo dukani, dada," alisema. "Lakini uifue kwanza. Kesho utaivaa wewe."